Pacha wa Maulidi na Miraji

Marseille, 2 Agosti

Mjomba wangu Shaibu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama, wewe na mkaza mjomba Salma, na biashara ya zipu na vifungo inakwenda. Goti la Bibi je? Mimi sijambo. Joto la huku mwezi huu halina tofauti na la Kariakoo, ila huku watu wanalilalamikia kama mgeni.

Nakuandikia kwa barua pepe badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua nyumba yenyewe. Ukiongea chumbani, Bibi anajibu kutoka jikoni.

Jambo lenyewe ni hili. Timu ya taifa ya Komoro imeniita. Wanacheza mechi za kufuzu, wamepangwa kundi moja na Tanzania, na mechi ya kwanza ni huko kwetu, Uwanja wa Mkapa, mwezi wa kumi. Wana uhaba wa winga wa kushoto. Kuna mtu wao anaitwa Bwana Abbasi, kazi yake ni kutafuta wachezaji wenye asili ya Komoro popote walipo, alikuja kuniona nikicheza, tukanywa kahawa. Mjomba, nina miaka ishirini na sita na nipo daraja la tatu. Taifa Stars hawajawahi kunipigia hata kunisalimia. Hii ndiyo nafasi yangu, na sioni nyingine nyuma yake.

Sheria inataka mzazi au bibi au babu awe amezaliwa kwao. Baba yangu mtu wa Lindi, hasaidii, kama kawaida yake. Nikamwambia Bwana Abbasi kuwa bibi yangu mzaa mama ni Mngazija, kazaliwa Moroni, kaletwa Dar akiwa msichana. Akafurahi. Akaniuliza habari za familia, nami nikafungulia bomba. Nikamwambia marehemu mama yangu alikuwa pacha wa mjomba wangu. Nikamwambia, kwa kujidai, kwamba Bibi ana tarehe zake: Mjomba alizaliwa wiki ya Maulidi, mama akazaliwa usiku wa Miraji.

Bwana Abbasi akaweka kikombe chini. Akaanza kuhesabu miezi ya Kiislamu kwa vidole: Mfungo Sita, Mfungo Saba, Mfungo Nane, Mfungo Kenda, Rajabu, miezi minne na ushei. Halafu akaniangalia.

Nilicheka, nikasema labda Bibi kachanganya. Lakini sijalala vizuri tangu siku hiyo. Maisha yangu yote nimesikia Maulidi na Miraji, sikuwahi kuzihesabu. Mtaa mzima unawaita pacha. Mjomba, pacha gani hao?

Nijibu kwa maandishi.

Mpwa wako,
Abdu


Kariakoo, 9 Agosti

Mpwa wangu Abdulkadiri,

Marahaba. Sisi wazima. Salma anakusalimia. Goti la Bibi linatabiri mvua ambayo hainyeshi. Biashara ipo. Jirani yangu Gaudens ameacha kuuza mashuka, amejaza jezi za Taifa Stars hadi njiani, wateja wangu wanapita kwa ubavu. Anasema mechi ya Komoro itamjengea nyumba. Sikumwambia lolote kuhusu wewe.

Umeona nazunguka. Basi nisikie.

Mimi na marehemu mama yako ni ndugu wa baba mmoja, na ni ndugu wa ziwa moja, lakini si wa tumbo moja. Babu yako alikuwa na wake wawili. Bi Siti, ambaye ndiye mama yangu, na mwingine aliyeitwa Mwanahawa, mtu wa Kisiju. Mimi nilitangulia. Mwanahawa alijifungua Zulekha, mama yako, na yeye mwenyewe akafa papo hapo. Mama akamchukua mtoto, akatunyonyesha wote wawili, na kuanzia hapo tukawa pacha. Watu walituita hivyo kwanza kwa utani, halafu wakasahau kama ni utani. Nani angesimama barazani kuhesabu miezi ya watoto wa mwenzake?

Mimi nilielezwa nikiwa mtu mzima, na shangazi yetu mmoja, msibani. Mama yako sijui kama alielezwa. Bibi mwenyewe hajawahi kutamka, na mimi sijawahi kumuuliza. Katika nyumba yetu swali la nani kamzaa nani haliulizwi.

Kwa hiyo kwa hesabu za mpira, mwenye damu ya Komoro hapa ni mimi. Mwambie Bwana Abbasi niko tayari, ila nicheze nimekaa.

Na kitu kingine. Nchi yetu hairuhusu pasi mbili. Ukichukua ya kwao, utakuja kumwona Bibi kwa viza, upange foleni na watalii. Umelifikiria hilo?

Ushauri wangu, liache. Sitaki mwanamke wa umri ule aambiwe kuwa si bibi wa mtu.

Mjomba wako,
Shaibu


Marseille, 21 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, halafu nikawa na huzuni, halafu tukawa na mechi.

Nimeliwaza jambo hili kila upande. Mama alipokufa nilikuwa darasa la tano. Aliyenipeleka shule ni Bibi. Aliyenifulia jezi ni Bibi. Aliyekwenda kugombana na mwalimu Athanas aliponiweka benchi ni Bibi, na baibui lake, akasimama katikati ya uwanja mpaka nikaingizwa. Sasa mtu aniambie si bibi yangu kwa sababu ya jambo lililotokea kabla hata mama hajafumbua macho? Huyo Mwanahawa simjui. Sina hata picha yake.

Nimemwambia Bwana Abbasi kuwa hesabu ya miezi ilikuwa makosa yangu. Amekubali, au amejifanya kukubali. Pasi watanishughulikia, na hiyo viza nitapanga foleni, wala si mbaya. Kimebaki kitu kimoja. Atapita Dar mwanzoni mwa Septemba, aje na wakili, wamsikie Bibi mwenyewe. Watamuuliza kama Zulekha ni mwanawe. Atasema ndiyo. Amesema ndiyo maisha yake yote, na kwake si uongo. Nani anaumia hapo?

Sikuombi useme chochote. Nakuomba unyamaze tu. Hilo nyumba yetu inaliweza.

Mjomba, nataka kucheza mechi ile. Nataka Bibi aingie uwanjani anione. Hilo tu ndilo ninalolitaka duniani kwa sasa.

Mpwa wako,
Abdu


Kariakoo, 24 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo.

Nimekusoma. Nitanyamaza. Nimemwambia Bibi kuwa utachezea Komoro na kuna wageni watakuja kumsikiliza habari zake za Moroni. Tangu hapo hakai. Amemtuma Salma kununua vikombe vipya, ametoa mapazia kuyafua, na anafanya mazoezi ya mkate wa kumimina ambao tayari anaujua kuliko mtu yeyote mtaani kwetu Mchafukoge. Tunaula asubuhi, mchana na jioni.

Gaudens amepata habari, sijui kwa nani. Sasa kila asubuhi ananiamkia: "Mngazija, hujambo? Umeamkaje, adui?" Jana alinitundikia jezi ya Taifa Stars mlangoni kwangu, eti kinga.

Sina raha na jambo hili, lakini nimekwambia nitanyamaza.

Mjomba wako,
Shaibu


Mchafukoge, 5 Septemba

Mpwa wangu Abdulkadiri,

Hatujambo, natumaini na wewe hujambo. Leo nakueleza yote kama yalivyokuwa, maana utayasikia kwingine nusunusu.

Walikuja baada ya Alasiri. Bwana Abbasi ni mtu mtaratibu, kofia yake safi. Wakili ni dada anaitwa Stella, ofisi yake Upanga, viatu alivua mwenyewe bila kuambiwa. Bibi alikaa kwenye kiti chake, kavaa lile gauni la Idd. Wakazungumza Kingazija na Bwana Abbasi karibu saa nzima. Mimi nusu yake sikuielewa, ila walikuwa wakitajiana watu waliokwisha kufa na kucheka. Nilidhani mambo yamekwisha.

Kisha Stella akafungua mkoba. Akasema ana swali moja tu, na Bibi atalijibu kwa kiapo. Bibi akasema sawa.

"Bi Siti, marehemu Zulekha binti Hamisi ni mwanao?"

"Mwanangu."

Stella akaandika. Nikashusha pumzi. Halafu yule binti, bila ubaya wowote, kwa sababu ndiyo kazi yake, akauliza:

"Wa kumzaa?"

Bibi akakitua kikombe.

"Hilo ni swali jingine," akasema. "Kumzaa, alimzaa Mwanahawa binti Saidi, mke mwenzangu, mtu wa Kisiju. Akafa mtoto hajaoshwa. Mimi nilikuwa na huyu hapa mkononi," akanionyesha kwa kidevu, kama bado natambaa, "nikampa yule ziwa la kushoto."

Bwana Abbasi akamsogelea. Akamwambia kwa upole, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Bi Siti, unajua ukisema hivyo kijana hatacheza?"

"Najua. Shaibu anadhani siijui, lakini redioni wanaieleza hiyo sheria kila siku."

"Basi pengine tuliandike kwa namna nyingine. Mtoto ulimlea wewe, ulimnyonyesha wewe. Mbele ya Mungu ni wako."

"Wangu," Bibi akasema. "Lakini mwanangu, Mwanahawa alikufa akizaa. Nikisema nimezaa mimi, yeye alikufa akifanya nini?"

Stella alifunga kalamu yake. Bwana Abbasi akaomba kahawa nyingine, nadhani hakuitaka, akainywa yote na akala mkate. Waliaga vizuri. Mlangoni alimbusu Bibi mkono.

Walipoondoka, Bibi akaniuliza: "Watampa nafasi nyingine?" Nikamwambia sidhani. Akasema, "Basi," akaenda kuswali Magharibi. Alikaa kwenye mswala mpaka Salma akaenda kumtazama.

Abdu, niliona aibu. Miaka yote tumekuwa tukimzungukia kama yai, kumbe yai lilikuwa sisi. Najua alichokuvunjia. Pole sana, mpwa wangu.

Mjomba wako,
Shaibu


Marseille, 8 Septemba

Mjomba Shaibu,

Shikamoo.

Nilipata habari kutoka kwa Bwana Abbasi kabla ya barua yako. Jina langu limetolewa. Wamemchukua kijana wa hapahapa Marseille, mdogo wangu kwa miaka mitano, ambaye bibi yake alimzaa mama yake.

Naomba umshukuru mama yako kwa ukweli wake.

Abdulkadiri


Kariakoo, 12 Septemba

Abdulkadiri,

Salaam. Hatujambo.

"Mama yako." Nimeyasoma maneno hayo nikiwa dukani, nikamkosea mteja zipu. Nimekuwa nikingoja barua zako miaka sita na hujawahi kumwita hivyo. Na chini umesaini jina lako kamili, kama unaandikia benki.

Nimekasirika. Nakuambia wazi ili usikisie. Ulimtaka aape uongo kwa ajili yako, mzee ambaye hata mkate ukiungua anamwambia mgeni kabla hajaonja. Alipokataa, umemtoa kwenye ukoo. Mimi nilikushauri uliache, ukaniomba ninyamaze, nikanyamaza. Aliyeulizwa ni yeye. Ulitaka ajibu nini?

Hizo salamu zako sikumfikishia. Nimemwambia unamsalimia na una mazoezi mengi. Huo uongo ni wangu, nitaujibia mwenyewe.

Mjomba wako, hata kama hukuandika mpwa,
Shaibu


Mchafukoge, 14 Oktoba

Mpwa wangu,

Natumai u mzima huko uliko. Mwezi umepita hujajibu. Ujumbe nao husomi, au unasoma bila kufungua, vijana mna mbinu zenu. Sisi wazima. Goti la Bibi safari hii lilisema kweli, mvua ilinyesha siku ya mechi.

Nitakuhadithia mechi, ingawa najua uliiangalia.

Kariakoo ilifungwa mapema. Gaudens aliuza jezi zote, mpaka ile aliyonitundikia mlangoni alikuja kuichukua akaiuza. Kisha akanifuata nyumbani Mchafukoge, akapanda juu kwetu kuangalia, maana televisheni yake mwanawe kaivunja. Alikaa sakafuni na vuvuzela lake, Salma akampa masharti, akaliweka chini ya kochi.

Tanzania walipofunga, Bibi alipiga makofi. Gaudens akamwambia, "Bibi, na wewe si adui?" Komoro waliposawazisha, Bibi akapiga kigelegele, peke yake, katika jengo zima lililonyamaza. Mtu wa ghorofa ya chini akagonga dari kwa ufagio. Gaudens alicheka mpaka akalala ubavu. Ikaisha moja kwa moja, unajua.

Lakini si hilo ninalotaka kukuandikia.

Kipindi cha pili yule kijana aliyechukua nafasi yako alipewa mpira pembeni, akakimbia nao, akapokonywa. Bibi akasema, "Huyu hana miguu." Nikadhani anazungumza tu. Akaendelea, macho kwenye kioo:

"Abdu ana miguu. Yale matege ni ya Mwanahawa."

Nikanyamaza, kwa mazoea. Gaudens, ambaye hajui mila za nyumba hii, ndiye aliyeuliza: "Mwanahawa ndiye nani, Bibi?"

Akamwambia! Gaudens, muuza jezi, mtu wa Ruvuma, kaambiwa kwa swali moja yale ambayo mimi sikuyasikia tangu nizaliwe. Mwanahawa alikuwa na matege, na alikuwa na mbio. Wanawake walipokwenda bombani alikuwa akishindana nao kurudi, ndoo kichwani, na maji hayamwagiki. Babu akiona anakasirika, anasema mke wa mtu hakimbii, naye anacheka huku anakimbia. Bibi akasema: "Hatukuwa tunapatana, mkitaka kujua. Alikuwa ananishinda kupika, na alikuwa ananiringia. Lakini siku ile ya kujifungua aliponishika mkono hakusema lolote, aliniangalia tu, na mimi nikaelewa."

Alisema mtoto yule, yaani wewe, tangu alipoanza kusimama, kila akipita ukumbini Bibi humwona mwenzake anapita. Akasema ndiyo maana alikwenda kugombana na mwalimu Athanas. Hakwenda kwa ajili yako peke yako. Kuna mtu mwingine alikuwa hapendi kukatazwa kukimbia.

Nikamuuliza, "Mama, mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Wewe? Nyote mnanitazama kama nitapasuka."

Mpira ukaisha, Gaudens akachukua vuvuzela lake akaenda. Bibi akaniuliza: "Mtoto kanikasirikia, si ndiyo?" Sikuweza kumdanganya tena. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ana haki. Mwambie na mimi iliniuma. Nilikuwa nimeshafikiria nitakaa upande gani wa uwanja." Kisha akainuka akaenda kulala.

Sina la kuongeza.

Mjomba wako,
Shaibu


Marseille, 16 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai mmeamka salama nyote, na goti la Bibi limepoa.

Barua yako niliisoma chumba cha kubadilishia nguo, wenzangu wakiwa wameshatoka. Nikavua soksi, nikaangalia miguu yangu. Mlinzi alikuja kufunga akanikuta vilevile, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, halafu nikalia mbele yake, mtu ambaye hata jina lake silijui.

Mechi niliiangalia. Kila yule kijana alipogusa mpira nilikuwa namtakia mabaya. Sijivunii hilo.

Ligi yetu inasimama Desemba, na tiketi nimeshakata. Nakuja kwa pasi yangu ileile, sitapanga foleni na mtu. Siku ya pili tu nataka twende Kisiju, mimi, wewe na Bibi, kama goti litaruhusu. Lisiporuhusu nitambeba.

Mwambie Bibi shikamoo. Mwambie nami ilivyoniuma, lakini usimwambie kwa ukali.

Nina maswali mengi, Mjomba. Nataka kujua Mwanahawa alikuwa anacheka vipi. Alikuwa anapika nini kilichomshinda Bibi. Mama yangu alijua au hakujua. Na siku ile alipomshika Bibi mkono, alimshika mkono upi. Wewe usimuulize hata moja. Nitamuuliza mimi.

Mpwa wako,
Abdu